Umbali wa Ndege na wa Barabara Kati ya Miji Miwili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Swali linaonekana jepesi: kutoka mji huu hadi ule ni kilomita ngapi? Lakini rubani, dereva wa lori na mwanafunzi mwenye rula mbele ya ramani watakujibu kila mtu lake, na hakuna aliyedanganya. Haya ni maswali ambayo watu huuliza wanapopanga safari, au wanapokuta namba mbili zinazogongana. Si lazima uyasome kwa mpangilio.

Kwa nini tovuti mbili zinanipa umbali tofauti kwa miji ileile?

Mara nyingi zinapima vitu viwili tofauti. Moja inakupa mstari wa moja kwa moja juu ya uso wa dunia, nyingine inakupa barabara pamoja na kona zake zote. Na hata zote mbili zikipima mstari wa moja kwa moja, moja huenda imeanzia katikati ya mji na nyingine imeanzia uwanja wa ndege. Tokyo ina viwanja viwili vikubwa: Haneda uko ndani ya jiji kando ya ghuba, Narita uko takriban kilomita 60 kutoka katikati. London ina Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton na City. Ukiona tofauti ya kilomita 20 au 50, usihangaike kumtafuta aliyekosea. Angalia kwanza kila mmoja kaanzia wapi na kaishia wapi.

Tofauti ikiwa ya mamia ya kilomita, hapo pana jambo. Ama mmoja amepima barabara, ama ametumia maili, ama amepelekwa kwenye mji mwingine wenye jina hilohilo.

Umbali wa ndege hupimwaje?

Hupimwa kwa kufuata duara kuu, yaani duara linaloigawa dunia nusu kwa nusu. Kipande cha duara hilo kinachounganisha miji miwili ndiyo njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Ikweta ni duara kuu. Mistari mingine ya latitudo si duara kuu, na hapo ndipo ramani ya ukutani inapowachanganya watu.

Ukiwa na tufe la dunia, chukua uzi. Bana ncha moja kwenye Madrid kwa kidole, vuta nyingine hadi New York, kisha kaza. Miji hii miwili iko karibu kwenye latitudo moja, nyuzi 40 na kitu kaskazini, kwa hiyo mtu angetegemea uzi uende magharibi moja kwa moja. Hauendi hivyo. Ukiukaza, unapanda wenyewe kuelekea kaskazini, unafika kama nyuzi 46 katikati ya Atlantiki, kisha unashuka. Njia hiyo ya uzi ni takriban kilomita 5,770. Anayeng'ang'ania kufuata latitudo ya 40 kuelekea magharibi atatembea karibu kilomita 5,940.

Kilomita 170 si nyingi. Jaribu sasa Santiago ya Chile na Sydney ya Australia, ambazo nazo ziko karibu latitudo moja, nyuzi 33 na ushei kusini. Duara kuu linashuka hadi kama nyuzi 62, jirani kabisa na Antaktika, na urefu wake ni takriban kilomita 11,350. Ukifuata latitudo utamaliza karibu 12,800. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya saa moja na nusu angani.

Ramani nyingi tulizokulia nazo zilichorwa kwa mtindo wa Gerardus Mercator wa mwaka 1569. Aliuunda kwa ajili ya mabaharia: mstari ulionyooka kwenye ramani yake ni safari isiyobadilisha mwelekeo wa dira. Kwa nahodha wa wakati ule lilikuwa jambo kubwa mno. Lakini mstari huo sio mfupi, na ndiyo maana njia za ndege zikichorwa kwenye ramani hiyo huonekana zimepinda kama upinde bila sababu.

Naweza kukokotoa mwenyewe bila programu?

Unaweza kupata jibu la karibu. Kumbuka namba moja tu: nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilomita 111.

Kama miji miwili iko karibu kwenye longitudo moja, kazi imekwisha. Cairo iko nyuzi 30.0 kaskazini na Durban nyuzi 29.9 kusini, zote zikiwa karibu na longitudo ya 31 mashariki. Mmoja yuko juu ya ikweta na mwingine chini yake, kwa hiyo unajumlisha: nyuzi 59.9. Zidisha kwa 111, unapata takriban kilomita 6,650. Hesabu makini zaidi itakushusha hadi kama 6,630. Kwa karatasi na kalamu, hiyo ni nzuri sana.

Kama miji imepangana mashariki na magharibi, longitudo zinabana kadiri unavyoisogelea ncha ya dunia, hivyo 111 unaizidisha kwa kosaini ya latitudo (kitufe cha cos kwenye kikokotoo). Kwenye nyuzi 60 kosaini ni nusu, na nyuzi moja ya longitudo inabaki kama kilomita 56 tu. Oslo na Saint Petersburg ziko karibu kabisa na latitudo hiyo, zikiachana kwa nyuzi 19.6 za longitudo. Jibu: takriban kilomita 1,090. Njia hii inafaa kwa umbali mfupi. Ukivuka bahari kuu, duara kuu litakuwa fupi kuliko hesabu yako, kama tulivyoona kwa Madrid.

Fomula ipi ni sahihi zaidi?

Tovuti nyingi hutumia fomula ya haversine, inayoichukulia dunia kuwa tufe kamili lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Dunia si tufe kamili: kwenye ikweta nusu kipenyo ni kilomita 6,378, kwenye ncha ni 6,357. Kwa sababu hiyo haversine inaweza kukosea hadi karibu nusu asilimia. Thaddeus Vincenty alitoa mwaka 1975 fomula inayozingatia ubapa huo, na usahihi wake unafika milimita, isipokuwa hukwama kwa sehemu mbili zilizoko karibu pande kinyume kabisa za dunia.

Msafiri hahitaji milimita. Nusu asilimia ya kilomita 5,000 ni 25, na ndege itazunguka zaidi ya hapo kwa kusubiri zamu ya kutua.

Ndege huruka juu sana. Hiyo haiongezi umbali?

Huongeza kidogo mno. Kwa kimo cha kilomita 11, safari ya kilomita 10,000 huongezeka kama 17.

Kwa hiyo ndege hufuata huo mstari wa duara kuu?

Huukaribia, lakini ni mara chache kuufuata ulivyo. Umbali unaousoma kwenye tovuti ni umbali wa chini kabisa unaowezekana. Kilomita ambazo ndege inaruka kweli huwa zaidi.

Sababu ya kwanza ni njia zenyewe. Sehemu kubwa ya anga imegawanywa kwa vituo vya kufikirika vyenye majina ya herufi tano, na ndege hupita kutoka kituo hadi kituo. Karibu na viwanja kuna njia maalumu za kuondokea na za kuingilia, maana ndege hutua na kuruka kwa kuukabili upepo. Ukiwa umetokea kusini na upepo unatoka kaskazini, huenda mkanyooka na kutua. Upepo ukigeuka, ndege italazimika kuuzunguka uwanja na kuingia kwa upande wa pili.

Sababu ya pili ni upepo wa juu. Kati ya Ulaya na Amerika Kaskazini, njia za kuvukia Atlantiki hupangwa upya mara mbili kila siku kulingana na mikondo ya upepo. Njia ndefu yenye upepo wa kusukuma humaliza mapema kuliko njia fupi yenye upepo wa uso.

Ya tatu ni usalama wa injini. Ndege ya injini mbili inatakiwa isiende mbali na uwanja wa dharura kupita dakika ilizoidhinishiwa kuruka kwa injini moja. Zamani Marekani iliweka kikomo cha dakika 60, na hilo liliziba bahari nyingi. Mwaka 1985 ilianza kuruhusu dakika 120, na leo zipo ndege zilizoidhinishwa kwa zaidi ya 300. Ndipo njia za bahari za kusini, kama ile ya Santiago na Sydney, zilipofunguka kwa ndege za injini mbili.

Ya nne ni siasa, na hii ndiyo inayoweza kuupindua mstari kabisa. Hadi mwanzoni mwa 2022, safari kati ya Helsinki na Tokyo ilichukua kama saa 9, ikipita juu ya Siberia. Anga la Urusi lilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka huo, safari hiyohiyo ikawa kama saa 13, ndege zikipita juu karibu na Ncha ya Kaskazini au zikizungukia kusini. Miji haikusogea hata mita moja. Tovuti ya umbali itaendelea kukuandikia namba ileile ya zamani.

Kwa nini kwenda ni saa nane na kurudi ni saa saba?

Ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 kuna mikondo ya upepo mkali inayotoka magharibi kwenda mashariki, na kasi yake wakati wa baridi inaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Anayetoka New York kwenda London anasukumwa. Anayerudi anasukumana nao. Mnamo Februari 2020, kimbunga kikivuma juu ya Atlantiki, ndege ya kawaida ya abiria ilitumia saa 4 na dakika 56 kutoka New York hadi London, mahali ambapo kwa kawaida huenda karibu saa saba.

Wengi hudhani sababu ni mzunguko wa dunia: kwamba ukienda magharibi, mji unakuja kukulaki. Sivyo. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa hiyo.

Nitakadiriaje muda wa kuruka nikijua umbali?

Gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza kama dakika 35 za kupaa, kushuka na kujongea uwanjani. Kilomita 5,540 za London na New York zinakupa kama saa saba na dakika chache, ambayo iko katikati ya kwenda na kurudi. Ndege ndogo za pangaboi zina mwendo mdogo. Kwa hizo tumia 500.

Usishangae safari fupi zikiwa na kasi ndogo ya wastani. Kwa kilomita 400, ndege inatumia sehemu kubwa ya muda kupanda na kushuka, na mwendo wake kamili inaufikia kwa dakika chache tu.

Tiketi inaonyesha naondoka 22:00 na kufika 06:30. Ni saa nane na nusu, sivyo?

Inategemea. Saa za tiketi ni za mahali husika kila upande. Tuseme unakoondoka saa iko mbele ya saa ya dunia, UTC, kwa saa tatu, na unakofika iko mbele kwa saa moja. Saa 22:00, yaani saa nne usiku, ni 19:00 kwa UTC. Saa 06:30 ya kule ni 05:30 kwa UTC. Safari ni saa kumi na nusu.

Geuza zote ziwe UTC kabla ya kutoa, na hutakosea. Hata anayeruka kutoka Auckland jioni akatua Los Angeles mchana wa siku hiyohiyo, yaani kabla ya saa aliyoondokea, hesabu yake itakubali: amevuka mstari wa tarehe, na amekaa angani kama saa 12.

Umbali wa barabara huwa mkubwa kuliko wa anga kwa kiasi gani?

Kwenye nchi tambarare yenye barabara nyingi, ongeza asilimia 20 hadi 40 kwenye umbali wa anga. Kilomita 500 za anga zitakuwa 600 hadi 700 za lami. Kwa kukisia safari kabla hujafungua ramani, kanuni hiyo inatosha.

Milima na maji huivunja. Mendoza ya Argentina na Santiago ya Chile zinatenganishwa na kilomita kama 180 za anga, lakini barabara ni karibu 360, maradufu. Inatoka Mendoza, inafuata bonde la mto, inapita mji mdogo wa Uspallata, inapanda hadi handaki lililoko kama mita 3,200 juu ya usawa wa bahari. Upande wa pili, Chile, inateremka kwa msururu wa kona za kujikunja ambazo ukiwa juu unaziona zote chini yako, moja juu ya nyingine, na malori yanashuka kwa gia nzito yakiachiana nafasi. Hapo ramani ikisogezwa karibu inaonyesha unatembea kilomita kadhaa bila kusonga mbele. Majira ya baridi theluji huifunga barabara hiyo, na magari hupanga foleni pande zote mbili hadi ifunguliwe.

Maji nayo yana ukatili wake. Buenos Aires na Montevideo ziko kilomita kama 200 kwa anga, zikitazamana kupitia mdomo mpana wa Río de la Plata. Kwa gari peke yake unapanda hadi kwenye madaraja ya mto Uruguay, unavuka, unashuka tena: zaidi ya kilomita 500. Helsinki na Tallinn ni kama 80 kwa anga. Kuizunguka ghuba kupitia Saint Petersburg ni zaidi ya 700, na njia hiyo ilikatika Finland ilipofunga vituo vyake vya mpaka wa mashariki mwishoni mwa 2023. Watu wa huko hawahangaiki na hesabu hiyo. Wanaingiza gari kwenye meli. Kinshasa na Brazzaville ni miji mikuu inayoonana kwa macho, mto Kongo katikati, na hakuna daraja baina yao. Unavuka kwa boti.

Na kuna mahali ambapo jibu la umbali wa barabara ni kwamba haupo. Kati ya Panama na Kolombia, kwenye msitu na vinamasi vya Darién, barabara inayoshuka kutoka Amerika Kaskazini inakatika kwa kama kilomita 100. Tovuti ikikupa umbali wa kuendesha kutoka Jiji la Panama hadi Bogotá, ujue imezidisha umbali wa anga kwa asilimia fulani ikanyamaza.

Ramani ya simu inachaguaje njia?

Inaiona barabara kuwa mtandao wa makutano na vipande, kila kipande kikiwa na gharama yake: urefu, au dakika. Kisha inatafuta mfuatano wenye gharama ndogo. Msingi wa hesabu hiyo ulibuniwa na Edsger Dijkstra, Mholanzi, mwaka 1956, akauchapisha 1959. Programu za leo zimeongeza njia nyingi za mkato juu yake.

La kuangalia ni kwamba programu nyingi hukupa njia ya haraka, si njia fupi. Barabara kuu ya kilomita 310 inaweza kuipita kwa muda ile ya 260 inayokatiza vijijini. Ukiwa unatafuta umbali mfupi kwa sababu ya mafuta, fungua njia mbadala zote usome kilomita zake. Na ukiambiwa kuna njia fupi kwa kilomita 50 usiyoifahamu, ikuze picha ya setilaiti uone kama ina lami. Mimi binafsi sichagui njia fupi ya vumbi wakati wa mvua, hata ramani inisifie vipi.

Umbali wa barabara unaweza kubadilika?

Ndiyo, na hubadilika. Daraja likifunguliwa unapungua, daraja likikatika unaongezeka. Copenhagen na Malmö ziliunganishwa Julai 2000 kwa daraja na handaki la Øresund, jumla kilomita kama 16. Kabla ya hapo gari lilipanda kivuko. Umbali wa anga haukuguswa. Kwa hiyo kitabu cha zamani kinafaa kwa umbali wa anga, ila kwa barabara angalia kilichapishwa lini.

Kibao kinasema zimebaki kilomita 100 kufika mjini. Ni hadi ukingoni au katikati?

Kwa kawaida ni hadi alama moja iliyochaguliwa katikati ya mji. Paris hupimwa kutoka kwenye alama iliyoko mbele ya kanisa la Notre-Dame, Madrid kutoka uwanja wa Puerta del Sol, London kutoka Charing Cross. Miji mingine hutumia posta kuu au jengo la halmashauri. Jiji likiwa kubwa, utaingia kwenye foleni zake ukiwa bado na kilomita 20 za kibao.

Maili ni kilomita ngapi?

Maili ya barabarani ni kilomita 1.609. Maili ya baharini, ambayo marubani nao huitumia, ni mita 1,852 kamili. Asili yake ni dakika moja ya latitudo, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi. Umbali wa 500 ni kilomita 805 kwa ya kwanza na 926 kwa ya pili, tofauti ya asilimia 15. Ukikuta umbali wa ndege umeandikwa kwa maili bila maelezo, linganisha na safari unayoijua kabla hujauamini.

Kwa umbali gani inafaa kupanda ndege badala ya kuendesha?

Hesabu kutoka mlangoni hadi mlangoni. Chukua miji iliyoachana kilomita 400 za barabara. Kwa wastani wa 80 kwa saa, gari litatumia saa tano. Ndege itaruka saa moja hivi. Weka saa moja na nusu hadi mbili za kuwahi uwanjani, nusu saa ya kushuka na kusubiri mizigo, na kama saa moja ya kwenda uwanjani na kutoka uwanjani: jumla ni saa nne hadi nne na nusu. Umeokoa nusu saa hadi saa moja, tena kama ndege haikuchelewa.

Chini ya hapo, gari linashinda mara nyingi. Kuanzia kilomita 600 ndege inaanza kuacha pengo. Barabara ikiwa mbovu, au kukiwa na mpaka wenye foleni, ndege inafaa mapema zaidi. Mkiwa wanne garini na mizigo, hesabu nayo inageuka.

Saa za kuendesha nizihesabuje?

Usigawanye kilomita kwa kasi iliyoandikwa kwenye vibao. Anayeruhusiwa 100 hufanya wastani wa 75 hadi 85, kwa sababu ya miji ya njiani, malori, vituo vya mafuta na ukarabati. Kisha weka mapumziko. Kwa madereva wa malori na mabasi, sheria ya Umoja wa Ulaya inadai dakika 45 za kupumzika baada ya saa nne na nusu za kuendesha, na kikomo cha kawaida ni saa tisa kwa siku. Hao ni watu wa kazi hiyo. Dereva wa kawaida anayepanga kilomita 1,000 kwa siku moja, peke yake, anajitafutia usingizi kwenye usukani.

Nitumie umbali upi kukisia mafuta?

Wa barabara, daima. Gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100 litahitaji lita 52 kwa kilomita 650. Ukichukua kilomita 480 za anga kati ya miji hiyo hiyo, utapata lita 38 na utaishiwa njiani. Milima, kiyoyozi na mzigo huongeza.

Miji miwili inaweza kuachana kwa umbali gani mkubwa kabisa?

Karibu kilomita 20,000, nusu ya mzingo wa dunia. Namba hii haikunyooka kwa bahati: Wafaransa walipobuni mita miaka ya 1790 waliifanya kuwa sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya dunia hadi ikweta. Madrid na Wellington zinakaribia kikomo hicho, zikiwa zimeachana kama kilomita 19,850. Tovuti ikikuandikia 23,000 za duara kuu, imeharibika.

Nimepata jibu la ajabu. Kosa liko wapi?

Anza na alama ya kutoa. Kusini na magharibi huandikwa kwa namba hasi. Ukiisahau, Durban inahamia kaskazini mwa ikweta. Pili, mpangilio: tovuti nyingine hutaka latitudo kwanza, mafaili mengine ya ramani hutanguliza longitudo. Tatu, dakika za nyuzi: nyuzi 40 na dakika 30 ni 40.5, si 40.30. Na mji wako ukitokea baharini kwenye Ghuba ya Guinea, mahali ambapo latitudo na longitudo zote ni sifuri, programu haikuusoma kabisa, imejaza sifuri.

Yakiwa sawa hayo yote, angalia jina. Kuna London Kanada, Birmingham Marekani, San José Kosta Rika na nyingine California. Wapo abiria waliokusudia Sydney ya Australia wakatua Sydney ya Nova Scotia, Kanada. Msimbo wa uwanja hauna utata: ile ya kwanza ni SYD, ya pili YQY.

Nikiunganisha ndege, umbali wangu ni upi?

Kwa mwili wako na kwa mafuta ya ndege, ni jumla ya vipande vyote. Kwa makaratasi mara nyingi ni mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 ilipanga fidia ya ndege kuchelewa au kufutwa kwa madaraja ya umbali, mipaka ikiwa kilomita 1,500 na 3,500, na ikasema wazi kipimo ni duara kuu. Abiria waliotoka Roma kwenda Hamburg kwa kuunganisha Brussels wakafika wamechelewa walidai kilomita 1,656, jumla ya vipande viwili, ambazo zingewapandisha daraja. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilihesabu Roma hadi Hamburg moja kwa moja, 1,326, wakabaki daraja la chini.